Picha ya Bibi na Piramidi: Uchambuzi wa Kisa cha Kufundisha Historia Nyumbani kwa Vitabu vya Picha

## Usuli

Familia hii ina watoto wawili wanaosomeshwa nyumbani. Kifungua mimba ni msichana, wakati huo alikuwa na miaka minane. Kitinda mimba ni mvulana aliyekuwa anaelekea miaka sita. Mama ndiye mwalimu wao wa kila siku. Baba hurudi jioni, kwa hiyo sehemu yake katika masomo ilikuwa kuwasomea kabla ya kulala. Niliombwa kuwasindikiza kwa miezi minane: nilifika mara moja kila baada ya wiki mbili, zikitokea shida nilifika zaidi, na kila mara nilisoma daftari ambamo mama aliandika mambo ya kila somo. Nimeondoa majina, mahali na chochote kinachoweza kuwatambulisha. Wazazi wamesoma andiko hili na wameridhia litumike kufundishia.

Mama alichagua vitabu vya picha kwa sababu ya maana. Msichana alikuwa anasoma mwenyewe lakini kwa kusuasua, na mvulana alikuwa bado hajajua kusoma. Kitabu cha picha kiliwakalisha wote wawili pamoja, kila mmoja akapata cha kushika. Zaidi ya hapo, anayemfundisha mtoto mdogo historia ana ugumu ambao masomo mengine hayana. Mbegu utaiotesha dirishani, hesabu utaifanya kwa vijiti, lakini mfalme aliyekufa miaka mia saba iliyopita humleti sebuleni. Picha ndiyo humleta. Kwa mtoto wa umri huu, picha si pambo la habari. Ndiyo habari yenyewe.

Orodha ya mama ilikuwa na vitabu 22, vingine vya maktaba na vingine vya kuazima, vimepangwa kuanzia watu wa mapangoni hadi mtu kukanyaga mwezi. Vitabu viwili kwa wiki, na baada ya kila kitabu karatasi ya maswali kumi. "Mwalimu, nataka wajue mambo yalivyofuatana," aliniambia siku ya kwanza. Niliipitia orodha nikaikubali. Ilikuwa nadhifu, na unadhifu wake ulinifanya nisiulize nilichopaswa kuuliza.

## Yaliyotokea

### Wiki sita za mwanzo

Kwa macho ya mgeni, mambo yalikwenda vizuri sana. Watoto walikumbatia vitabu. Mvulana alijenga piramidi kwa vipande vya mbao na kumlaza mdoli ndani yake. Msichana aliweza kusimulia jinsi mlima wa volkano Vesuvius, huko Italia, ulivyolipuka na kuufunika mji wa Pompeii kwa majivu mwaka 79, na alipofika kwenye majivu alishusha sauti hadi kunong'ona. Katika daftari la mama, wiki ya tano, kuna sentensi moja tu: "Leo wamekumbuka kila kitu."

Ni kweli walikumbuka. Ila walichokikumbuka hakikuwa na mahali pa kukaa.

### Siku ya kadi

Wiki ya saba nilimwomba mama tutengeneze kadi kumi. Saba zilinakiliwa kwenye vitabu vyao: wachoraji wa mapangoni, piramidi, Kleopatra malkia wa Misri, Vesuvius, meli ya Waviking (mabaharia wa kale wa Ulaya ya kaskazini), Mansa Musa mfalme wa Mali, na mtu juu ya mwezi. Ya nane ilikuwa picha ya ndege ya kina Wright, ndugu wawili wa Marekani, iliyopigwa ilipopaa kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Mbili za mwisho zilitoka kwenye albamu ya nyumbani: msichana mwenyewe akiwa mchanga, na bibi yake akiwa na miaka saba, amesimama karibu na kaka yake. Hiyo ya bibi ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa kama meno madogo.

Nilimwomba msichana azipange kutoka ya zamani zaidi hadi ya karibuni. Alizitandaza sakafuni, akazitazama kwa muda, kisha mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa bibi. Akamweka wa kwanza, kushoto kabisa. Akafuatisha ndege ya 1903. Halafu wachoraji wa mapangoni, piramidi, Kleopatra, na nyingine zote kwa mpangilio uleule waliousomea.

Nilimuuliza kwa nini bibi ametangulia.

"Kwa sababu hana rangi," alisema. "Zamani kabisa rangi zilikuwa hazijakuja."

"Na piramidi?"

"Piramidi zina rangi."

Mdogo wake akadakia: "Kwa hiyo bibi alimwona Farao?"

Msichana alifikiri kabla ya kumjibu. "Hapana. Bibi alikuja kabla."

Mama alicheka, kisha akanyamaza ghafla na kunitazama. Niliuliza swali moja zaidi: kutoka piramidi hadi Kleopatra ni muda gani? Msichana alijibu bila kusita: "Wiki moja." Hivyo ndivyo walivyovisoma, kimoja wiki hii, kingine wiki iliyofuata.

Mvulana hakupanga kitu. Alizikusanya kadi zote, na ile ya dada yake akiwa mchanga akaijumlisha humo humo, akanikabidhi rundo zima. "Hizi zamani," alisema. "Mimi sikuwepo."

Ningependa msomaji asiyapite majibu haya haraka kwa kuyaona ya kuchekesha. Msichana alikuwa amefanya kazi ambayo mwanahistoria hufanya: alikusanya alama, akaunda kanuni, akaitumia bila kuyumba hata ilipomfikisha mahali pagumu. Kanuni ilikuwa mbovu kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwambia picha hutoka wapi.

### Vitabu viwili vinavyopingana

Mama alirudi Misri, akidhani kwamba walipita haraka mno. Aliazima kitabu cha pili cha piramidi. Cha kwanza kilionyesha watu waliofungwa minyororo wakiburuta jiwe huku msimamizi akiwachapa mijeledi. Cha pili kilionyesha mafundi wakipumzika kivulini na mganga akimfunga mmoja wao mkono uliovunjika. Mvulana aliviweka ubavu kwa ubavu sakafuni, akapeleka kidole kwenye mjeledi, akakirudisha kwenye ule mkono uliofungwa.

"Mama, kipi kinadanganya?"

"Vyote ni sawa, mwanangu," mama alijibu. "Kila mchoraji anaona kivyake."

Msichana alikifunga kitabu kilichokuwa karibu naye. "Basi hakuna anayejua," alisema, akaenda zake kucheza.

Mama aliliandika jibu lake lile daftarini na kulipigia mstari, maana alijua limekosea mahali lakini hakujua wapi. Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa kizima kilipokuwa hatarini kuliko wakati mwingine wowote. Mtoto anayeamini kwamba bibi alimtangulia Farao husahihishika kwa dakika tano. Mtoto aliyekwisha kuamua kwamba hakuna anayejua, na hivyo hakuna haja ya kuuliza, huyo ni vigumu sana kumrudisha.

### Picha ya meli

Wiki ya tisa, baba alichukua kitabu kilichofuata kwenye orodha na kuwasomea kitandani. Kilihusu biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na nakala ya mchoro wa meli iitwayo Brookes, uliochapishwa Uingereza mwaka 1788 na watu waliokuwa wakiipinga biashara hiyo. Mchoro unaonyesha sakafu ya meli kutoka juu, na watu mamia wamelazwa wamebanana, mmoja baada ya mwingine, hakuna nafasi ya kugeuka.

Mvulana aliuinamia kwa muda mrefu. "Kwa nini hawaamki?"

Baba hakuwa amejiandaa. "Wamelala," alisema, akafunua ukurasa.

Kwa karibu wiki mbili mvulana alikataa kulala chali, na usiku aliamka kuhakikisha mlango uko wazi. Mama alibandika karatasi nyeupe juu ya ukurasa ule. Kesho yake alikuta kona ya karatasi imebanduliwa. Aliyeibandua alikuwa msichana, alitaka kuona ni kitu gani hasa wakubwa wanakificha.

## Maamuzi na sababu zake

Baada ya hapo tulikaa watu wazima watatu, vitabu vyote vikiwa mezani. Baba alizungumza kwanza, na alizungumza kwa uchungu.

Uamuzi mwepesi ulikuwa kupunguza. Tulibakiza vitabu sita, kila kimoja kikae wiki tatu au zaidi. Karatasi za maswali kumi tuliziacha kabisa. Zilikuwa zimewafundisha watoto kusikiliza ili wajibu, na nilipoyapitia maswali yenyewe, hakuna hata moja lililohitaji mtoto aitazame picha.

Uamuzi wa pili ulihusu urefu wa muda. Msichana alikuwa na mfuatano; hakuwa na umbali. Tulichukua kamba ya mita tano na kukubaliana kwamba milimita moja ni mwaka mmoja. Ncha ya leo tuliifunga kwenye kitasa cha mlango wa chumba cha watoto, kamba ikafuata ukuta wa ujia hadi sebuleni. Tulianza na wao wenyewe. Maisha yote ya msichana yalikuwa milimita nane, upana wa kidole chake. Picha ya bibi ilikaa sentimita sita kutoka kwenye kitasa. Mtu kukanyaga mwezi, mwaka 1969, akakaa karibu kabisa na bibi, na msichana akagundua mwenyewe kwamba bibi alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Alikimbia kumpigia simu kumuuliza kama alikumbuka. Ndege ya kina Wright ilifika sentimita kumi na mbili. Mansa Musa, aliyepita Cairo mwaka 1324 akienda Makka, alikuwa sentimita sabini.

Kutoka hapo ikabidi watembee. Vesuvius, karibu mita mbili. Kleopatra, aliyefariki mwaka 30 KK, hatua moja ndogo mbele yake. Kisha kamba tupu, tupu, tupu, hadi mita nne na nusu na ushei ndipo ikafika piramidi ya Farao Khufu. Msichana alirudi hadi kwa Kleopatra, akasimama, akatazama pande zote mbili. "Kleopatra yuko karibu na mimi kuliko piramidi," alisema polepole. Ndivyo ilivyo, na watu wazima wengi huwa hawajawahi kulipima jambo hilo.

Wachoraji wa mapango ya Lascaux, Ufaransa, waliochora takriban miaka 17,000 iliyopita, hawakuenea ndani ya nyumba. Kadi yao ilibandikwa kwenye mti wa uani. Na mvulana alipouliza dinosaria wawekwe wapi, baba alipiga hesabu kwenye karatasi: walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, yaani kilomita 66 za kamba. Wiki ile, kila walipopanda gari, mvulana aliuliza kama wamefika kwa dinosaria.

Uamuzi wa tatu ndio kiini cha kisa hiki. Kabla ya kusoma maneno ya ukurasa, wangeitazama picha kimya kwa muda, kisha mama angeuliza: *aliyechora alijuaje?* Hilo tu. Tuliwapa vipande vya karatasi vya rangi tatu. Kijani kwa kitu kilichobaki tangu wakati ule, kama jiwe, mfupa au chombo. Njano kwa picha au maandishi ya wakati ule. Bluu kwa mchoro wa mtu wa leo anayejaribu kuwaza ilivyokuwa. Watoto waliviweka vipande hivyo juu ya picha wenyewe, wakabishana wenyewe.

Tukawarudisha kwenye mjeledi na ule mkono uliofungwa. Michoro yote miwili ilipata bluu mara moja, na hapo swali la kipi kinadanganya likabadilika: kila mchoraji alisimama juu ya nini? Mama aliwaeleza kwa lugha yao. Herodoto, Mgiriki, aliandika kwamba Farao aliwashurutisha watu kufanya kazi, laki moja kwa zamu. Lakini aliandika miaka elfu mbili baada ya kujengwa kwa piramidi. Mwaka 1990, pale Giza, yaligunduliwa makaburi ya wajenzi wenyewe, karibu na piramidi, na katika mifupa yao kuna iliyovunjika ikaunganishwa ikapona. Na mwaka 2013, katika pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, ya msimamizi aitwaye Merer, aliyeandika siku kwa siku jinsi kikosi chake kilivyobeba mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza katika siku za mwisho za Khufu.

Merer aliwateka. Mtu mwenye jina, aliyekuwa akiandika kazi ya kila siku kama mama anavyoandika daftarini. Mvulana aliomba Merer apate kadi yake kwenye kamba. Mama alikuwa mwangalifu kuongeza kwamba mtu kufungwa mkono uliovunjika hakumaanishi alikuja kwa hiari. Kumtumikia mfalme kulikuwa wajibu. Msichana alikirudisha kitabu cha mijeledi kwenye rafu, halafu akageuka na kusema, "Huyu alimsikiliza aliyekuja baadaye. Huyu alimsikiliza aliyekufa pale." Nilikuwepo. Niliandika maneno yake kama alivyoyasema.

Kuhusu meli hatukukubaliana. Nilitaka kitabu kile kiondolewe nyumbani kwa mwaka mzima. Mama alikataa. "Mwalimu, ameshakiona. Nikikificha, atabaki nacho kichwani peke yake." Alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Tulikubaliana kwamba historia ya mateso isisomwe tena kitandani, isomwe asubuhi mzazi akiwa amekipitia kitabu kwanza, na ianze na mtu mmoja. Baba mwenyewe aliomba kuifanya kazi hiyo. Alianza kwa kumwomba radhi mwanawe: "Nilikwambia wamelala. Hawakuwa wamelala. Walikuwa wamefungwa, na niliogopa kukwambia." Kisha akamwonyesha picha ya Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, akajinunulia uhuru wake, na mwaka 1789 akachapisha maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Mvulana alitaka kujua kama Equiano alikuwa kwenye meli ile. Baba alimwambia hapana, ilikuwa meli nyingine, lakini alijua mambo yalivyokuwa humo, ndiyo maana aliandika.

## Matokeo

Mwezi wa nane nilitandaza kamba mpya isiyo na alama yoyote na kumpa msichana kadi zilezile kumi. Bibi alikaa karibu na kitasa. Kleopatra alikaa nusu ya njia. Aliwasogeza Waviking na Mansa Musa karibu mno, kana kwamba waliishi jirani, na wachoraji wa mapangoni akawapeleka uani bila kuulizwa. Ndege na mwezi alizipatia. Kwa mtoto wa umri wake naliona hilo ni kubwa.

Mvulana hakupanga kamba, na hakupaswa kulazimishwa. Ila rundo lake moja la "zamani" lilikuwa limegawanyika mara tatu: kabla ya bibi, wakati wa bibi, na wakati wangu. Ile kadi ya dada yake akiwa mchanga aliiweka wakati wa bibi, akaeleza kwamba bibi ndiye aliyembeba.

Wiki chache kabla ya hapo, msichana alikuwa ameleta kitabu kutoka maktaba, si cha somo, chenye Waviking wenye kofia za pembe. Alimpelekea mama akiwa tayari na kipande cha bluu mkononi. Walitafuta pamoja, wakakuta kwamba kofia ya chuma ya Waviking iliyopatikana Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943 haina pembe, na kwamba pembe zile zilienezwa sana na mavazi ya jukwaani ya karne ya 19. Hakuna aliyemwambia aulize. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko zoezi la kadi.

Mvulana alirudi kulala vizuri. Picha ya meli bado anaitaja, na bado huhuzunika anapoitaja.

## Uchambuzi

Kamba ilifanya kazi kwa sababu ilianzia kwenye mwili wa mtoto. Tungeanza na Misri na kushuka, miaka elfu nne na nusu ingekuwa neno tu. Mtoto alipoona maisha yake yote yanaenea kwenye kidole, na bibi, mtu mzee kuliko wote anaowafahamu, hafiki hata urefu wa kiganja, umbali wa piramidi uligeuka kuwa kitu cha kutembea. Nawashauri wazazi wasikate kamba ili ienee ukutani. Ule utupu mrefu kati ya Kleopatra na Khufu ndio uliofundisha zaidi ya kadi yoyote. Kwa mvulana, hata hivyo, kamba ilikuwa mchezo. Milimita haimwambii kitu mtoto wa miaka mitano na ushei, na nadhani tungempa mapema zaidi yale mafungu matatu aliyoyabuni mwenyewe badala ya kumngoja ayabuni.

Swali la "alijuaje" ndilo nitakalolibeba kutoka kisa hiki kwenda kwa familia nyingine, pamoja na madhara yake. Kwa muda lilizidi. Mvulana alilipenda hata akaliuliza kila ukurasa, na siku moja akaliuliza juu ya hadithi ya sungura aliyevaa koti: aliyechora alijuaje? Mama alitaka kulikwepa, kisha akatambua kwamba hapo ndipo mtoto alipokuwa akiipapasa tofauti ya hadithi na historia, akakaa naye saa nzima. Baada ya hapo waliweka mpaka: picha mbili kwa kila kitabu, nyingine zitazamwe kwa raha yake tu. Kitabu kinachochunguzwa kila ukurasa hakipendwi tena, na mapenzi ya watoto hawa kwa vitabu ndiyo mtaji uliokuwepo tangu siku ya kwanza.

Rangi zetu tatu zilikuwa na kasoro ambayo sikuiona hadi Mansa Musa aliponionyesha. Picha yake inayojulikana zaidi, ameketi na dhahabu mkononi, imo katika ramani iliyochorwa katika kisiwa cha Majorca, Uhispania, mwaka 1375. Watoto waliipa njano, picha ya wakati ule, wakaiamini. Lakini ilichorwa makumi ya miaka baada ya Mansa Musa kufariki, na mchoraji hakumwona kamwe. Alisikia habari zake kupitia wasafiri na wafanyabiashara. Ukale wa picha tulikuwa tumeugeuza kuwa cheti cha ukweli, kosa lilelile la picha isiyo na rangi, safari hii kwa kupanga kwetu wenyewe. Sasa kipande cha njano kina maandishi: *alikuwepo?*

Kosa la meli halikuwa kwamba mtoto aliona jambo baya. Mchoro wa Brookes ulitengenezwa makusudi uwashtue watu wazima wenye uwezo wa kubadili sheria. Ndiyo maana watu wake wanafanana wote, hawana nyuso wala majina; nguvu yake iko katika wingi. Mtoto wa miaka mitano anauingia mchoro huo bila hata mtu mmoja wa kumshika mkono. Akapata jibu la uongo kutoka kwa mtu anayemwamini kuliko wote, saa ya kulala, taa ikazimwa. Equiano alimpa uso. Ila naamini kilichomrudishia usingizi ni baba kukiri. Kuficha ukurasa kwa gundi kuliwaeleza watoto wote wawili jambo moja tu, kwamba kuna kitu kibaya kiasi kwamba mama na baba hawawezi kukitazama.

Jibu la mama, kwamba vyote ni sawa, nalisikia mara kwa mara kwa wazazi wema wanaoogopa kumfundisha mtoto ubishi. Lina upole, na linazima swali. Mvulana aliuliza kitu sahihi kabisa. Alichohitaji ni kuonyeshwa njia ya kupima, na njia hiyo ilikuwepo tangu 1990, makaburini Giza.

Nami nilipaswa kufanya zoezi la kadi wiki ya kwanza, si ya saba. Wiki sita nzima tulipima kumbukumbu ya watoto na kuiita uelewa, na mimi nilikuwa nikisaini daftari.

Kazi inaendelea bila mimi. Mara ya mwisho nilipofika, msichana alikuwa amempigia bibi simu kumuuliza gauni lake katika ile picha lilikuwa la rangi gani. Bibi alisema bluu. Msichana akampigia na kaka wa bibi, yule aliyesimama karibu naye pichani, naye akasema kijani, hana shaka. Alikuwa ameichora picha ile upya kwenye karatasi kubwa: uso umepakwa rangi, viatu, ukuta wa nyuma, suruali ya yule kaka. Gauni ameliacha jeupe. Chini yake ameandika kwa penseli: "Bibi anasema bluu. Babu anasema kijani. Wote walikuwepo."